Leo nimemwaga lami ya kung'arishia kioo

Jamani kioo changu cha darubini cha inchi 6 kimemaliza kusagwa, sasa kung'arisha, na hapo ndo unahitaji sahani ya plasta yenye upana sawa na kioo, juu yake unamwaga lami. Sio ya barabarani, hii inatokana na utomvu wa msonobari, na hata yule mwanasayansi Newton aling'arishia kioo cha darubini yake, cha mchanganyiko wa shaba na bati, kwa lami.

Niliiyeyusha nje kwa moto mdogo maana mvuke wake unashika moto haraka, nikaongeza tapentaini kidogo, tone moja nikalipoza kwenye maji nikalibonyeza kwa ukucha, likaacha alama bila kuvunjika, safi kabisa. Nikamwaga, ilipoanza kuganda nikaikandamiza na kioo chenyewe kikiwa na maji ya sabuni.

Kazi iko kwenye kukata mifereji juu ya lami! Nimekata miraba ya kama sm 2.5, ila katikati ya sahani isiangukie katikati ya mraba, ikiangukia hapo kioo kinatoka na mabonde ya duara na Zohali utaiona ina ukungu. Lami unaiona ngumu lakini inatiririka polepole sana, ndo maana inafuata umbo la kioo.

Saa hizi kioo kimelala juu yake na seriamu oksaidi, ule unga wa kung'arishia, kesho asubuhi naanza kusugua.