Kona mbili za bomba

Wiki nzima ya kwanza swali lilikuwa moja: "Dada, mmeipata?" Mali ya Mjerumani, yaani. Usukumani ukionekana umeinamisha kichwa porini, mwiko mkononi na mifuko ya plastiki kiunoni, basi unatafuta rupia zilizofukiwa wakati wa vita, au zebaki. Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi najibu, "Bado. Shikamoo," napita zangu.

Kazi yenyewe haina utajiri. Kabla bomba kubwa la maji halijafukiwa, sisi watu wa mambo ya kale tunatangulia kuupita mkuza, ule ukanda wa ardhi litakamopita, kwa miguu. Huu ulianzia ziwani, upande wa Misungwi, ukapanda vilimani. Upana wake meta 20, kwa hiyo tulijipanga watano, meta tano kati ya mtu na mtu, macho chini. Shamba la pamba lililolimwa juzi linakuonyesha kila kitu. Kwenye majani huoni hata nyoka, ndiyo maana kila baada ya meta 50 tunachimba shimo dogo la kupimia na udongo wote unapita kwenye chekeche. Vigae vya vyungu, mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma), mawe ya kusagia, vyote vinaandikwa na kupewa namba. Jioni unakaa kung'oa mbigiri kwenye soksi.

Siku ya tatu, karibu na maji, chekeche lilibakiza kitako cha chungu chenye kibonyeo katikati, kama mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole gumba udongo ukiwa bado mbichi. Nilikaa chini kabisa. Hivyo ni vyungu vya Urewe, jina la mahali huko magharibi mwa Kenya, na waliovifinyanga ni wakulima na wafua chuma wa mwanzo kuzunguka ziwa hili. Mabaki ya kazi yao ya chuma yamechimbuliwa Katuruka, mkoani Kagera. Walikuwa hapa miaka 1,000 na zaidi kabla ya Speke, mpelelezi Mwingereza, kufika Mwanza mwaka 1858 na kurudi kwao kusema amegundua ziwa.

Kwa kigae kile hapakuwa na ubishi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Taarifa ikapelekwa, kamba zikafungwa, tukashuka sentimita 10 kwa 10 mpaka udongo ukawa mtupu. Makaburi nayo hayakutusumbua: mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo alitunyooshea mkono, "Pale kwenye minyaa msikanyage," tukakuta matatu, hayana saruji wala msalaba. Bila yeye tungeandika "vichaka".

Kilichotutoa jasho ni jiwe.

Wapima walikuwa wameshapita kabla yetu. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara, vigingi kwanza, sisi baadaye, na sijawahi kupewa sababu ya maana. Kuna mradi mmoja huko nyuma nilikuta kijiko kimeshatifua meta 80, vigae vimelala juu ya kifusi pamoja na mizizi na vizibo vya soda. Kigae kilichong'olewa kwenye tabaka lake naweza kukusifia urembo wake, basi. Safari hii walau walikuwa wameacha rangi tu: msalaba mwekundu juu ya mwamba bapa, mpana kama sebule. Maana yake upasuliwe kwa baruti. Na juu ya mwamba huo kulikuwa na vishimo, safu nne, vinane vinane, vimelainika hadi vinateleza.

"Mwadila, baba," nikamsalimia mzee aliyekuwa ameegemea fimbo akitutazama.

"Mwadila, mayu. Hiyo ni isolo, bao letu la kete. Babu yangu alimfunga mtemi mchezo hapo, akapewa ndama. Na yeye aliikuta."

Aliikuta lini? Hapo sheria inakwama. Udongo una mkaa, mkaa unapimwa, unapata umri. Kishimo kwenye mwamba kinapimwa nini? Inawezekana ni cha mwaka 1700, inawezekana kilichongwa na wachunga ng'ombe wakati wa Nyerere. Sheria inauliza mwaka, na mwaka sikuwa nao.

Nikamwendea mhandisi, kijana mstaarabu. Akanieleza bila kejeli: akikunja bomba anahitaji kona mbili, na kila kona inataka bonge la zege nyuma yake, la sivyo maji yakija na presha yanaisukuma inachomoka. Hilo sikulijua. Nikamwomba aweke na gharama ya baruti, kibali chake na askari wa kuilinda. Akapiga hesabu nyuma ya mchoro, kimya, akafuta, akapiga tena. Wakati huo mzee alikuwa ameshaokota kokoto anazipanga. Akamwita. Kijana alifungwa kabla chai haijapoa.

Sisemi isolo ndiyo iliyopindisha bomba. Hesabu ilichangia. Lakini bomba lilisogea meta 12.

Kwenye ripoti niliandika, "Njia imehamishwa. Hakuna kilichochimbwa." Mkubwa wangu aliuliza mbona sehemu ile haina picha za vitu tulivyopata. Kurasa 60 zile, sentensi hizo mbili ndizo ninazojivunia, hata kuliko kile kitako cha chungu.

Mwezi uliopita nilipita pale. Maji yanatoka, foleni ya ndoo ipo. Mzee alinipokea kwa lawama: msalaba mwekundu haujatoka. Ameusugua kwa mchanga, akamwagia petroli, wapi. Nimeahidi kumuulizia mhandisi ile rangi ni ya aina gani.