Nilivyokadiria joto la kina cha chemchemi pasipo volkano

Chemchemi ya maji moto ikinuka mayai viza, watu hawangoji maelezo: hapo pana volkano. Hii niliyoipima ilinuka kwelikweli, lakini miamba yake ni graniti kongwe na hakuna volkano popote karibu. Nilitaka kujua maji yalifikia joto gani huko chini kabla ya kupanda. Kuchimba kisima kirefu ni gharama, kwa hiyo nikategemea kemia.

Sehemu ngumu ya kazi hii iko kwenye jicho la chemchemi, wala si maabara. Joto na pH (kipimo cha uasidi au ualkali) nilivipima palepale maji yanapochomoza, kwani maji ya aina hii yakikaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na pH ikashuka. Baikaboneti nayo niliipima hapohapo. Kisha nikavuta maji kwa bomba la sindano na kuyasukuma polepole kupitia kichujio cha mikroni 0.45 hadi kwenye chupa mbili za plastiki. Ya kwanza niliitia matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande. Ya pili, ya kloraidi, salfeti na floraidi, sikuitia kitu.

Joto lilikuwa nyuzi 43 na pH 9.2. Majibu ya maabara yaliporudi nilianza kwa kulinganisha chaji chanya na hasi za chumvi zilizoyeyuka, ambazo vipimo vikiwa sahihi zinapaswa kulingana. Tofauti ilikuwa chini ya asilimia 5, basi nikaendelea. Sodiamu ilitawala, kalsiamu ilikuwa kidogo sana, na kloraidi haikuwa ya kutisha, tofauti na maji ya kina ya maeneo mengi ya volkano. Haya ni maji ya mvua yaliyozama kwenye nyufa. Ardhi huongeza nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita, na ufa mkubwa huyarudisha juu upesi kabla hayajapoa. Ile harufu haihitaji volkano: bakteria wanaokula salfeti pasipo oksijeni wanatosha kuitoa.

Kisha ikaja silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, ambayo maji huiyeyusha zaidi kutoka kwenye miamba kadiri yanavyokuwa moto; hapa nitakawia kidogo. Maabara iliandika silikoni 28 mg kwa lita, na fomula zinataka silika, kwa hiyo unazidisha kwa 2.14 na kupata 60. (Ulizeni maabara yenu wanaandika ipi, wengi hawasemi mpaka waulizwe.) Fomula ya kwatzi, madini ya silika yaliyomo kwenye graniti, ikanipa nyuzi 110. Inavutia, na ndiyo watu hupenda kuiweka kwenye ripoti. Mimi sikuiamini. Kwenye maji ya joto la wastani, mara nyingi kinachodhibiti silika ni kalsedoni, aina ya silika yenye chembe ndogo sana, ambayo huyeyuka kwa urahisi kuliko kwatzi, na fomula yake kwa kiasi kilekile inatoa nyuzi 81 tu.

Hata hiyo 81 imezidi. Kwenye pH ya 9.2 sehemu ya silika, takriban robo kwa makadirio yangu, imegeuka ayoni, yaani chembe zenye chaji, na sehemu hiyo haipaswi kuingia kwenye hesabu. Ukiitoa unabaki na 45, na kalsedoni inashuka hadi nyuzi 67.

Nilihitaji shahidi asiyehusiana na silika. Uwiano wa sodiamu na potasiamu haufai hapa, maana huchelewa mno kufikia msawazo na miamba kwenye joto dogo. Uwiano wa potasiamu na magnesiamu, katika fomula aliyoitoa mwanajiokemia Giggenbach mwaka 1988, hujirekebisha haraka zaidi. Nilikuwa na potasiamu 1.5 na magnesiamu 0.15 mg kwa lita. Jibu likawa nyuzi 71. Njia mbili tofauti zikakaribiana kiasi hicho, nikaridhika na 70. Kwa wastani wa joto la hewa wa nyuzi 20, maji yanashuka kilomita moja na nusu hadi mbili hivi, si tatu kama kwatzi ilivyodai. Joto hilo linafaa kukaushia mazao au kupashia majengo. Kwa umeme ni dogo mno.

Kilichonishtua zaidi ni floraidi: 9 mg kwa lita, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Kalsiamu ingekuwa nyingi ingeifunga floraidi kama madini ya floraiti, lakini kwenye maji haya imepungua, basi floraidi inabaki huru. Kuoga hakuna neno. Kunywa kila siku kunaharibu meno ya watoto, na kwa miaka mingi, mifupa.