Kompyuta niliyoiunga mwenyewe ilikataa kuwaka siku nne, kumbe ni kinguzo kimoja tu cha shaba

Mimi nahariri video za harusi na sendofu, nipo Tabata, na laptopu niliyokua natumia ilikua inakula usiku mzima kutoa video ya saa moja na nusu, asubuhi unaikuta ya moto kama pasi na kazi bado haijaisha. Kwahiyo nikaanza kukusanya vifaa vya kompyuta ya mezani kidogokidogo, mwezi huu ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi), mwezi ujao kitu kingine, ikanichukua kama miezi saba. Vingi ni vya mtumba kutoka Kariakoo: mazabodi, yaani bodi kuu inayochomekwa kila kitu, aina ya B450 ya saizi kubwa inayoitwa ATX, ikiwa na prosesa yake juu (ubongo wa kompyuta), Ryzen 5 2600, ramu mbili za GB 8, kadi ya picha GTX 1660 Super, na pawa saplai (boksi linalogawa umeme kwa vifaa vyote) ya wati 550 ambayo hiyo nilinunua mpya maana kwenye umeme sikutaka kubahatisha. Keisi nilipewa na shemeji, kazini kwao walikua wanatoa mashine za zamani, bati zito zuri tu.

Ijumaa usiku watoto wamelala nikakaa sebuleni nikaunga kila kitu taratibu, kama saa tatu nzima, nikabonyeza batani. Feni ya prosesa ikajitikisa robo mzunguko, taa ikamulika mara moja, kimya. Nikabonyeza tena, hamna, hata ile robo haikuja. Ikabidi nizime swichi ya nyuma ya pawa saplai, nisubiri kama dakika moja, niwashe, nibonyeze, robo mzunguko, kimya tena. Hii tabia ishike kichwani wewe unaesoma, kwasababu jibu lote lilikua humo humo tangu dakika ya kwanza ila mimi nilikua sijui kuisoma.

Mama watoto akatoka chumbani akaniuliza, "Baba nanii, bado tu?" Nikamwambia bado kidogo mama, nenda kalale. Miezi saba ya kujinyima iko pale mezani imekaa kimya, yaani tumbo lilikua linaniuma kabisa.

Nikaanza na vya kawaida. Ekstensheni nikabadilisha, nikachomeka moja kwa moja ukutani. Kebo kubwa ya pini 24 nikachomoa nikarudisha mpaka ikalia ta. Ile ya pini 8 kule juu kushoto, ya prosesa, watu wengi huwa wanaisahau, mara nyingi ukiisahau feni zinazunguka vizuri ila picha haiji, yangu ilikuepo na feni zenyewe hazizunguki kwahiyo sio hiyo. Ramu nikatoa zote nikabakisha moja, tundu la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kadi ya picha nikachomoa. Betri ile ya CR2032 nikaitoa dakika kumi ili bayosi (programu ndogo inayoiwasha bodi) isahau mipangilio, nikarudisha. Robo mzunguko, kimya.

Jumamosi nikaibeba kwenye bajaji mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja. Akafungua ubavu, akabonyeza mara tatu, akainama akanusa, akasema, "Kaka bodi imekufa hii, imeungua, nunua nyingine nakufungia." Nikamuuliza, "Fundi, hujaitoa hata kuiangalia nyuma, umejuaje imeungua?" Akaniambia hizo anazijua kwa macho tu. Akataja laki mbili na arobaini pamoja na ufundi. Nilirudi nayo nyumbani na iliniuma sana na mpaka leo inaniuma, sio kwa ajili yangu tu, nawafikiria wale wanaotoa hiyo hela na kuacha bodi nzima pale mezani kwake.

Jumapili nikasema ngoja nianze upya, safari hii nipime kimoja kimoja nisiguse vyote kwa pamoja. Pawa saplai ndio ya kwanza. Nikaitenga na kila kitu, nikaacha feni moja tu ya keisi imechomekwa, nikanyoosha pini ya karatasi nikaunganisha waya wa kijani wa ile kebo kubwa na weusi wa jirani yake (kama waya zako zote ni nyeusi wa kijani ni tundu namba 16, hesabu vizuri kabla hujagusa, na chomeka umeme mwisho kabisa). Feni ikazunguka bila kusita. Jirani yangu ni fundi redio, akaniazima mita yake, volti 12 ikasoma 12.1, volti 5 ikasoma 5.0, ile ya 3.3 nayo iko pale pale. Inayokubalika ni kupungua au kuzidi asilimia 5 tu. Kwahiyo pawa saplai nzima. Kipimo hiki hakikuambii itafanyaje ikibebeshwa mzigo mkubwa, ila kwa mashine inayozima kabla hata haijaanza kazi kinatosha kukupa mwelekeo.

Jumatatu jioni nikatoa mazabodi yote nje ya keisi. Nikailaza juu ya boksi la karatasi lililokuja nayo, boksi lenyewe, sio ule mfuko wa kung'aa maana ile mifuko mingine inapitisha umeme. Nikaweka prosesa na feni yake, ramu moja, kadi ya picha, basi, hakuna diski hakuna feni za pembeni. Batani haipo tena kwahiyo unatafuta zile pini mbili zilizoandikwa PWR pembeni ya bodi unazigusisha kwa ncha ya bisibisi nusu sekunde. Mkono ulikua unatetemeka kusema ukweli. Nikagusa.

Feni ikazunguka na ikaendelea kuzunguka, na baada ya kama sekunde kumi nembo ya bodi ikatokea kwenye skrini. Nilipiga kelele mpaka mtoto mdogo akaamka.

Sasa kama juu ya boksi inawaka na ndani ya keisi haiwaki, tatizo ni keisi. Nikaigeuza bodi nikamulika nyuma na tochi ya simu, polepole, mstari kwa mstari. Karibu na tundu la chini la kuchomeka kadi nikaona alama ya duara, ndogo kama punje ya mtama, rangi ya kijani imekwanguka na ncha mbili za lehemu zimelala upande mmoja. Nikamulika ndani ya keisi sehemu hiyo hiyo, na pale kimesimama kinguzo cha shaba, vile vya pembe sita ambavyo bodi inakalia ili isiguse bati. Hiki hakikua na tundu lolote la bodi juu yake. Mashine ya zamani ya ofisini ilikua na bodi fupi, ile ya micro-ATX, matundu yake ya chini yanakaa sehemu tofauti na ya ATX. Mimi nilifunga vya kwangu vitatu vya chini na viwili vya zamani nikaving'oa, hiki cha tatu kilikua kona yenye kivuli, sikukiona. Kikawa kinachukua umeme wa bodi na kuupeleka kwenye bati, yaani shoti, na pawa saplai ilikua inaiona hiyo shoti inajizima kujilinda na inagoma mpaka uikate umeme kabisa. Ile robo mzunguko ilikua ni pawa saplai inafanya kazi yake vizuri.

Na pembeni ya kila tundu kwenye bati kuna herufi imegongwa, A ya ATX na M ya zile fupi. Chini ya kinguzo kile ilikua M. Keisi nyingi zina hizo herufi, ziangalie kabla hujalaza bodi.

Nikakinyofoa kwa koleo, nikahesabu vilivyobaki, tisa, na matundu ya bodi tisa. Nikarudisha kila kitu, nikabonyeza batani ya mbele, ikawaka. Saa sita usiku nilikua naweka Windows, na Jumanne video ya harusi ya Bagamoyo niliyokua nadaiwa wiki nzima ilitoka kwa dakika 50.