Wazee wa bao na kazi yangu ya gemu

Mtwara, Jumapili jioni

Kijana mmoja anayehudhuria mafunzo yetu ya Jumamosi hapa Shangani aliniuliza jana kama mtu anaweza kuishi kwa kutengeneza gemu akiwa Mtwara, au ni lazima kwanza ahamie Dar es Salaam. Nilimjibu kwa ufupi kwamba inawezekana, lakini swali lake linastahili jibu refu zaidi, na leo nimeona niliandike hapa ili na wengine wenye swali kama hilo walisome. Ninachoamini ni kwamba mafunzo humwezesha mtu kuanza gemu, ila kinachomfikisha hadi kuikamilisha ni watu walio tayari kuicheza ikiwa bado mbichi na kumwambia ukweli.

Kuhusu mafunzo yenyewe sina maneno mengi, kwa sababu siku hizi kikwazo chake kikubwa ni bando na muda, wala si ada. Mimi nilijifunza kwa kutumia Godot, injini ya gemu iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, ambayo tangu mwaka 2014 msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaweza kuutumia bila malipo, hata kama gemu yake itamwingizia fedha. Kwa mtu asiye na mtaji, jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilipotangaza ada itakayohesabiwa kwa kila gemu inayosakinishwa, watengenezaji wengi wadogo duniani walianza kutafuta pa kukimbilia, na ingawa ada ile ilifutwa mwaka uliofuata, sisi wa huku tulikwisha kuona umuhimu wa kujengea kazi yetu juu ya chombo ambacho hakuna anayeweza kukipandishia bei. Laptop ninayoitumia ni ya mtumba. Alininunulia mjomba wangu baada ya malipo ya korosho kutoka, akaniambia nisimwahidi chochote isipokuwa kumwonyesha kitu kilichokamilika.

Kitu hicho ni bao. Nilichagua Bao la Kiswahili kwa sababu sheria zake ni somo zito la uandishi wa programu, na kwa sababu walimu wake ninao jirani. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Mchezo unapoanza, kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na nyingine 22 mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Anayetazama kwa mbali huona watu wakigawa kete tu, lakini anayejaribu kuiandikia kompyuta hatua moja hukutana na masharti yaliyofungamana: ukila kwenye kimbi, yaani moja ya mashimo mawili ya mwisho ya kila upande wa safu ya mbele, mwelekeo si wa kuchagua, kwani kete huanzia kichwa, shimo la mwisho kabisa, cha upande uleule, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezo unaendelea, ama kwa kula tena ama kwa kuzoa na kugawa upya, hadi utakapolala, yaani kete ya mwisho itakapoangukia shimo tupu. Upo hata uwezekano wa hatua moja kuzunguka bila kikomo, jambo ambalo mtu mezani hulimaliza kwa kukubaliana na mwenzake, lakini simu itazunguka nalo mpaka betri iishe. Rafiki yangu wa Lindi, ambaye huwa tunasomeana msimbo kwa simu usiku, ndiye aliyependekeza programu ihesabu mizunguko na, ikipita kiwango fulani, isimame na kuwauliza wachezaji wenyewe.

Msaada uliobadilisha gemu yangu zaidi, hata hivyo, ulitoka kwa watu wasiojua msimbo ni nini. Niliipeleka Mikindani, kwenye baraza ambalo wazee hucheza bao kila baada ya Alasiri. Nilimwamkia mzee anayeheshimiwa kuliko wote pale, nikamwekea simu mkononi. Alinamua, akala, na kete zikajigawa zenyewe haraka, kama zinavyofanya kwenye gemu nyingi za simu. Akaitazama kwa muda, kisha akanirudishia.

"Mjukuu wangu, kete zinakimbia. Sioni zinapolala, sasa nitaamini vipi kwamba sijaibiwa?"

Mzee mwingine akachota komwe kutoka ubaoni na kunionyesha: mkono hausimami kwenye kila shimo kwa muda uleule. Huenda mbio panapojulikana na kupunguza mwendo kete zinapokaribia kwisha, kwa sababu hapo ndipo macho ya wote yanaposubiri. Nikaandika hivyo. Sasa kete tatu za mwisho katika kila mgawo zinashuka moja moja, kila moja na mlio wake, na milio hiyo niliirekodi kwenye ubao wao wenyewe. Hakuna kozi ambayo ingenifundisha jambo hilo, na mimi nalihesabu kuwa sehemu ya mafunzo yangu ya kazi sawasawa na mengine yote.

Sasa nirudi kwenye riziki, maana ndiyo hasa aliyoulizia yule kijana. Kufungua akaunti ya mtengenezaji kwenye Google Play hugharimu dola 25, mara moja tu, na wao huchukua asilimia 15 ya mapato kwa dola milioni moja ya kwanza ya kila mwaka. Fedha hiyo ya kuanzia hupatikana. Kupata wanunuzi ndiyo kazi. Kwa hiyo wengi wetu tunaishi kwa kazi za vipande, kuchora, kutengeneza sauti au kurekebisha msimbo kwa timu za nje, na kinachokupa kazi hizo ni gemu ndogo ulizozikamilisha ambazo mtu anaweza kuzifungua na kuzicheza. Wapo Waafrika waliofika mbali kwa kushikwa mkono na watu wengi: kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa gemu yake ya Aurion mwaka 2016, na sehemu ya fedha ilitokana na michango ya watu wa kawaida kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha. Mtwara bado hatujafika huko, na sitamdanganya kijana wa watu kwamba mwaka wa kwanza utamlipia kodi ya nyumba.

Nimemtumia ujumbe kwamba Jumamosi ijayo aje na gemu yake hata kama ina skrini moja tu, na kwamba baada ya mafunzo tutapanda bajaji pamoja hadi Mikindani. Mimi nitakuwa na sehemu ya mtaji, yaani hatua ya bao inayofuata kete za mkononi zikiisha, ya kujaribisha, na majina ya wazee nimekwisha kuyaweka kwenye orodha ya watengenezaji, kwa ridhaa yao, juu ya langu.