Plasma 6 ilipoingia dukani: nilivyochambua malalamiko na ubovu

Plasma 6, eneo-kazi (paneli, menyu na madirisha) la mradi wa KDE kwa kompyuta za Linux, ilitoka tarehe 28 Februari 2024, na haikuchukua muda kila anayetumia KDE akawa na la kusema. Wapo waliosifu kwamba toleo kubwa namna hii limekuja likiwa limetulia. Wapo waliosema skrini inapepesa, paneli inaelea hewani, faili hazifunguki, themu waliyoizoea imevurugika. Mimi niliyafuatilia yote kwa sababu ya riziki: steshenari yangu hapa Morogoro inatembea kwa Linux, mashine zote zina eneo-kazi la KDE, na mteja aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi hataki kusikia habari za Qt 6, maktaba ambayo Plasma 6 imejengwa juu yake.

Nilikuwa na woga wa siku nyingi pia. KDE 4.0 ya Januari 2008 ilitoka haijaiva, watu wakaikimbia, akiwemo Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliyehamia GNOME, eneo-kazi shindani. Aprili 2011 ikaja GNOME 3 na sura mpya kabisa, naye akaipa mgongo. Ugomvi wa wakati ule ndio uliozaa eneo-kazi la MATE, na ndio uliowapa watu wa Linux Mint sababu ya kutengeneza lao, Cinnamon. Kwa hiyo namba ikiruka kutoka 5 kwenda 6, hasa pale ambapo 5 yenyewe ilikuwapo tangu Julai 2014, mzee wa Linux lazima ashtuke kidogo.

Ningekuwa natumia Kubuntu 24.04, mkusanyo wa Linux (distro) usiobadili matoleo haraka, ningebaki na Plasma 5.27 na kulala usingizi. Distro yangu ni ya zile zinazopokea matoleo mapya bila kukaa foleni, basi ikabidi nijipange. Kabla ya kugusa chochote nilinakili folda nzima ya `.config`, inayotunza mipangilio, ya kila mtumiaji kwenye diski ya nje, nikaacha apdeti ishuke kwa bando la usiku, na nikaanza na mashine moja tu, ile inayokaa nyuma ya mashine ya kopi ambayo mteja haioni. Nyingine zilifuata baada ya 6.0.2. KDE hutoa marekebisho kwa mpangilio wa kupendeza: 6.0.1 ilikuja wiki moja baada ya toleo lenyewe, 6.0.2 wiki moja tena, kisha wiki mbili, tatu, tano. Ni mfuatano wa Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Makosa makubwa yanakamatwa upesi mwanzoni, halafu kasi inapungua. Mwenye duka akingoja hadi ya pili au ya tatu hapotezi kitu.

Malalamiko ya kwanza hayakutoka kwenye intaneti, yalitoka kaunta.

"Kaka, hii mashine imegoma. Nabofya hailetei kitu."

Binti anayenisaidia kazi alikuwa anabofya folda ya mteja mara moja, folda inapakwa rangi, basi. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Tangu zamani KDE ilifungua kwa mbofyo mmoja, na Plasma 6 imehamia mibofyo miwili. Ambaye hakuwahi kugusa mpangilio huo alihamishwa kimyakimya. Nilimwonyesha pa kuurudisha, kwenye mipangilio ya mfumo, ukurasa wa tabia za jumla. Akafikiri kidogo, akasema tuache ilivyo, kwa sababu wateja wanaotumia wenyewe mashine ya dirishani wamezoea Windows, na kwa mbofyo mmoja walikuwa wanafungua hati moja mara mbili. Alikuwa sahihi kuliko mimi niliyetaka kurudisha ya zamani.

Sehemu kubwa ya kelele za wakati ule ilikuwa ya aina hii. Paneli kuelea ni chaguo, unabofya kulia, unaingia kuihariri, unaizima. Gurudumu la kipanya halibadilishi tena eneo-kazi ukilizungusha juu ya picha ya nyuma. Alt na Tab zinaleta vijipicha vya madirisha badala ya orodha ya pembeni. Hakuna hata kimoja kilichoharibika hapo. Tabia za kuanzia zimebadilishwa, na zote zina mahali pa kuzirudisha. Sisemi mtu asilalamike. Mkono uliozoea kitu kwa miaka una haki zake. Ila huwezi kutafuta dawa ya ugonjwa ambao haupo.

Swali gumu lilikuwa kwenye yale yaliyobaki. Mashine yangu ya kazi, ninayopangia vitabu vya harusi na ripoti za shule, ilifunguka na miraba ya kijivu kwenye paneli, programu nusu zina rangi nyeusi na nusu nyeupe, na baadhi ya madirisha yamepoteza vitufe vyao. Kwa macho tu ungesema Plasma 6 ni takataka. Nikafanya jambo ambalo sasa ndilo ninaloanza nalo kila mara: nikafungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye mashine ileile.

`sudo useradd -m jaribio`, nywila, natoka, naingia kama jaribio. Kila kitu kinang'aa. Paneli nzima, rangi moja, vitufe mahali pake. Mashine ileile, keneli ileile, draiva ileile. Tofauti pekee ni kwamba jaribio hana historia.

Hapo nikajua ubovu umo kwenye mizigo niliyokuja nayo kutoka Plasma 5. Themu ya nje niliyokuwa nimeweka haikuwa imehamishiwa Qt 6, ndiyo maana programu zilizokwisha kuhamia zilichora kivyake na zile za zamani kivyake. Miraba ya kijivu ilikuwa wijeti (vijiprogramu vya kwenye paneli) za watu wengine. Ukisogeza kipanya juu yake inakwambia wazi kwamba wijeti iliandikwa kwa Plasma ya zamani. Nilirudi kwenye akaunti yangu, nikarudisha themu ya Breeze, ile ya KDE wenyewe, nikatoka kwenda kwenye skrini ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3, na nikaliweka pembeni faili linaloshika mpangilio wa paneli na wijeti: `~/.config/plasma-org.kde.plasma.desktop-appletsrc`. Nikaligeuza jina, sikulifuta. Nilipoingia tena, Plasma ilijijengea paneli mpya. Kupanga upya vitufe vyangu kulinichukua muda wa kunywa chai.

Themu nyingine sikuitafuta, na mwezi uleule wa Machi 2024 nilifurahi kwamba sikuitafuta. Mtumiaji mmoja alipakua themu kutoka kwenye duka la themu la KDE, nayo ikaendesha amri ya kufuta iliyokula faili zake binafsi. Ilionekana ni uandishi wa ovyo, si hujuma, na themu iliondolewa. Wengi hawakujua kwamba themu kamili ya Plasma inaweza kubeba msimbo unaoendeshwa, tofauti na picha ya nyuma ya skrini. Baada ya hapo niliwaambia vijana dukani: rangi badilisheni mtakavyo, themu za kupakua hapana.

Wijeti moja tu iliniuma. Ilikuwa inaonyesha kwenye paneli ni data kiasi gani imetumika leo, ikisoma kutoka kwa vnstat, programu inayohesabu data. Kwa mtu anayenunua bando hilo si pambo. Mwandishi wake alikuwa ameshaiacha, basi nikaifungua mwenyewe, iko kwenye `~/.local/share/plasma/plasmoids`. Nilitarajia kichaka, nikakuta kichochoro. Faili la `metadata.desktop` halitambuliki tena, linatakiwa `metadata.json`, na ndani yake mstari unaosema wijeti inahitaji Plasma kuanzia 6.0. Kwenye `main.qml`, kile kipengele cha juu kabisa kilichokuwa `Item` kinakuwa `PlasmoidItem`. Namba za matoleo kwenye mistari ya `import` zinaondolewa. Vipimo vilivyokuwa vinatoka PlasmaCore vinachukuliwa kutoka Kirigami. Na chombo kilichokuwa kinaendesha amri ya vnstat kimehamia kwenye maktaba inayoitwa `plasma5support`, jina ambalo lenyewe linakuonya usiitegemee milele. Nilijaribu kwa `plasmoidviewer` hadi ikaacha kutoa maneno mekundu, kisha `kpackagetool6` ikaisakinisha. Namba za data zikarudi. Sijui kuandika QML (lugha inayoandikiwa wijeti hizi) ya kujisifia, lakini kufuata mwongozo wa kuhama naweza.

Ikabaki mashine moja yenye ugonjwa wa kweli. Ni ile ya pembeni yenye kadi ya picha ya kujitegemea, tunayoitumia kwa picha za pasipoti. Humo hata mtumiaji jaribio aliona madirisha yanapepesa: unaandika neno, herufi ya mwisho inatoweka, inarudi, dirisha linaonyesha sura yake ya nusu sekunde iliyopita. Safari hii akaunti mpya haikusaidia, kwa hiyo nikapanda ngazi ya pili. Kwenye skrini ya kuingilia kuna menyu ndogo ya kuchagua kikao; nikachagua X11 badala ya Wayland, njia mbili tofauti za kuonyesha madirisha kwenye skrini. Kupepesa kukaisha.

Plasma 6 iliifanya Wayland kuwa kikao cha kuanzia, na X11, ambayo ni ya mwaka 1987, ikabaki kama akiba. Ukiwa na malalamiko mkononi, kujua uko kwenye kikao kipi kunapunguza nusu ya utafutaji. Amri ni fupi: `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Nilipoanza kusoma ya wenzangu kwa jicho hilo, yale maelfu ya maneno yakajipanga. Waliosema "inapepesa" karibu wote walikuwa na kadi za aina ileile na wako Wayland. Waliosema "tamu kama asali" walikuwa na laptop za picha za ndani ya prosesa, kama mitumba yetu mingi ya dukani. Walikuwa hawabishani, kila mmoja alikuwa anasimulia mashine yake.

Chanzo kilikuwa kinajulikana. Programu inachora picha, msimamizi wa madirisha anaichukua kuionyesha. Lazima mmoja amwambie mwenzake "nimemaliza". Kwenye Linux mazoea yalikuwa kuacha draiva zimalizane zenyewe chini kwa chini, na draiva ya kadi yangu haikufuata mazoea hayo, basi picha zilionyeshwa kabla hazijakamilika, au zile za zamani zikarudishwa. Dawa ilikuwa itifaki mpya ya kuambiana waziwazi, iliyokubaliwa kwenye Wayland mwaka uleule wa 2024. Plasma 6.1 iliyotoka tarehe 18 Juni iliibeba. Kwa hiyo sikuhangaika na vipande vya mipangilio vya kunakili kutoka kwa watu. Niliiacha mashine ile X11 na kungoja 6.1 pamoja na draiva mpya.

Kuna kisa kimoja cha Wayland ambacho kilinikuta mbele ya mteja. Kijana alikuja kufanya usaili wa kazi kwa video, akatakiwa kuonyesha kazi zake kwenye skrini. Programu ya mikutano ikaonyesha weusi mtupu upande wa pili. Alianza kutoka jasho. Chini ya X11 programu yoyote inaweza kuchungulia skrini nzima na hata vitufe unavyobonyeza kwenye dirisha la jirani. Wayland imekataza hilo, na programu inayotaka kuonyesha skrini inapaswa kuomba ruhusa kupitia mlango maalumu. Programu ile ilikuwa ya zamani, haikujua kuomba. Nikamwambia, "Mdogo wangu, toka humo, ingia kwa kivinjari." Akaingia kwa Firefox, kikatokea kidirisha kinachouliza skrini ipi au dirisha lipi, akachagua, wakamwona. Baadaye niliweka kidaraja ambacho KDE wenyewe wamekiandaa kwa programu za namna hiyo, XWayland Video Bridge, lakini kwa mteja anayesubiriwa kivinjari ni haraka zaidi.

Ripoti ya kosa nilipeleka moja tu, kuhusu programu iliyokuwa ikijifunga ninapofungua PDF fulani ya kurasa nyingi. DrKonqi, kile kidirisha kinachojitokeza programu ikianguka, kilikusanya maelezo ya kitaalamu chenyewe. Kabla ya kutuma nilitafuta, nikakuta mtu keshaieleza, basi nikaongeza maelezo ya kwangu chini ya ile yake: toleo la Qt, kikao, na hatua za kuirudia kosa likatokea. Ukitaka kujua kilichotokea kwa ganda lenyewe la Plasma, `journalctl --user -b -u plasma-plasmashell` ina majibu mengi kuliko kubahatisha.

6.1 ilipofika niliirudisha mashine ya picha za pasipoti Wayland. Haipepesi. Pia kikao cha Wayland kikaanza kukumbuka programu zilizokuwa wazi, jambo ambalo umeme ukirudi asubuhi linatuokolea dakika za kuhangaika. Kitu kimoja bado sijakihamisha: skripti yangu ndogo ya xdotool (chombo cha kubonyeza vitufe kwa amri) iliyokuwa inajaza sehemu zinazojirudia kwenye fomu za mtandaoni. Inaongea na X11 tu, na Wayland haimruhusu mtu kubonyeza vitufe kwa niaba ya mwingine bila idhini. Kwa sasa laptop moja imebaki na kikao cha X11 kwa kazi hiyo peke yake, na binti wa kaunta ameibandika karatasi: "FOMU TU".