Gramu 12 mlangoni mwa mahakama

Mimi ni sonara. Ukinitilia pete kiganjani nitakuambia uzito wake, na mizani ikija kunisahihisha itakuwa kwa kidogo sana. Mkono wa kazi ndivyo ulivyo. Lakini kuna kitu kimoja mkono huu haukijui, nami nimekiri hivyo tangu siku nilipokiweka kwenye mizani ya dukani: risasi moja ya milimita 9. Ilisoma gramu 12 na kitu. Bastola yangu ikiwa na magazini tupu, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ina gramu 670 hivi. Ongeza 12 juu ya 670, kisha uishike, uniambie kama umehisi tofauti. Mimi sikuhisi.

Nilianza kuzifikiria gramu hizo kwa sababu ya kesi ya watu. Kuna mtu aliniletea bangili za kuuza, nikaona alama ya fundi ninayemfahamu, nikapiga simu polisi. Basi nikawa shahidi. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila tarehe nikawa napita mlango uleule wenye eksirei, lango la kukagua vyuma, na bango la bastola iliyopigwa mstari mwekundu.

Siku ya kwanza nilikwenda nayo kiunoni kwa uzembe tu. Nilikuwa na mzigo wa mteja wa kupeleka baada ya hapo, nikaona kurudi nyumbani ni kupoteza muda. Kwenye foleni, zamu yangu ilipofika, nikafanya makosa mawili kwa pamoja. Nilisema kwa sauti, “Nina silaha,” na huku nasema mkono ukashuka kuinua shati nionyeshe. Foleni yote ikanyamaza. Yule mama nyuma yangu alivuta mtoto wake. Askari hakupandisha sauti, ila mkono wake nao ulishuka kiunoni kwake, akasema taratibu, “Mzee, mikono mezani kwanza. Maneno baadaye.”

Sasa naijua namna yake. Mikono inatangulia mezani, halafu unasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: “Afande, nina leseni, na bastola ninayo, iko kiuno cha kulia. Unataka nifanyeje?” Kisha unasubiri uambiwe. Na leseni ikae mfuko wa shati. Yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, upande uleule wa bastola, kwa hiyo hata kuitoa ikabidi aitoe yeye.

Alinipeleka kachumba ka pembeni. Mle kulikuwa na pipa la chuma lililolazwa kwa mshazari, limejaa mchanga, lina tundu usoni. Mtutu unaelekezwa mle wakati wa kutoa risasi, ili ikitokea moja imefyatuka kwa bahati mbaya, mchanga uimeze. Nikatoa magazini, nikakoki, yaani nikavuta nyuma chuma cha juu, risasi ya kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, ikaruka nje, nikaishikilia bastola ikiwa wazi. Alichungulia, kisha akaingiza kidole kidogo kwenye chemba. Nikamuuliza kwani hakuiona kwa macho? Akasema macho huona yanachotarajia kuona. Akaandika aina ya bastola, namba iliyochongwa ubavuni, idadi ya risasi. Kumi na moja. Akafungia kila kitu kwenye kijisanduku cha chuma ukutani, akanipa ufunguo wenye namba 7. Nikaingia, nikakaa saa tatu kwenye benchi, kesi ikaahirishwa.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mbele yangu alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa, na alionekana mzoefu. Siku hiyo mlangoni alikuwa askari mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Alituita wote wawili kachumbani. Kijana akaelekeza mtutu kwenye tundu, akakoki: risasi ikaruka, akaidaka hewani kwa mbwembwe. Kisha akatoa magazini, akaiweka mezani. “Iko tupu, afande,” akasema, na kweli alionekana anaamini.

Yule mama hakugusa kitu. Alisema neno moja tu: “Bado.”

“Nimeshatoa, si hii hapa mkononi?”

“Koki tena.”

Akakoki. Risasi ya pili ikaruka, ikagonga ukingo wa meza, ikaanguka chini, ikabingirika ikatokea mlangoni na kupotelea chini ya mashine ya eksirei. Sijawahi kuona uso wa mtu ukikauka haraka namna ile. Alikuwa amefanya mambo yote mawili yanayotakiwa, ila kwa mpangilio wa kinyume. Bastola ya aina hii ukiikoki magazini ikiwa bado ndani, inatema risasi iliyomo na papo hapo inajipakia nyingine kutoka kwenye magazini. Hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Ukitoa magazini baada ya hapo, umebaki na bastola inayoonekana tupu, umetoa risasi moja kwa macho yako mwenyewe, umeidaka hata, na bado chemba ina risasi. Gramu 12. Na zipo bastola nyingi ambazo hazijali kama magazini imo au haimo; ukivuta kifyatulio, zinalia. Zipo pia ambazo huwezi kuzifungua kuzisafisha mpaka uvute kifyatulio kwanza. Sasa fikiria kijana yule yuko nyumbani jioni, ametandika gazeti, ameshika kitambaa cha mafuta.

Aliinama kutafuta risasi yake chini ya mashine, suti yote, watu wanasubiri. Sikumcheka. Nilikuwa nahesabu kichwani ni mara ngapi mimi mwenyewe nimefanya mambo yale kwa haraka, nikiwa nawaza kitu kingine.

Siku ya tatu tulielekezwa mlango wa pembeni, wa mbele ukiwa unafanyiwa marekebisho. Huko hakukuwa na kachumba, wala pipa, wala mchanga. Meza tu, na kijana mgeni wa kazi. Nikamwambia maneno yangu ya mikono mezani, akajibu, “Itoe hapa nione.” Nikatazama mbele yangu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba na nyuma yake nilisikia makarani wakibishana kuhusu faili. Kushoto foleni. Kulia foleni. Chini sakafu ya vigae. Nikamwambia, “Mwanangu, hapa hakuna pa kuelekezea mtutu.”

Hakupenda. Alidhani mzee anamfundisha kazi, na kusema kweli nilikuwa namfundisha. Nikamwomba anisogeze kando, nikafungua mkanda wa suruali, nikachomoa bastola ikiwa ndani ya ala yake, sikuigusa chuma hata kidogo, kifyatulio kimefunikwa, nikaiweka yote ilivyo ndani ya kijisanduku. Nikamwomba aandike kwenye daftari kwamba ina risasi kwenye chemba. Alisita, akaandika. Suruali nikaishikilia kwa mkono mpaka mlango wa pili.

Maoni yangu ni haya, na najua askari wengine watayakataa. Bastola iliyotulia ndani ya ala yake haijifyatui. Inayofyatuka ni ile inayochezewa, na sisi tumeamua mahali pa kuichezea pawe mlangoni, mbele ya watu, mwenyewe akiwa na wasiwasi na hakimu anamsubiri. Kama pipa la mchanga lipo, sawa, toa risasi. Kama halipo, ifungiwe ilivyo.

Baada ya hapo nikawa nasoma wenzetu wanafanyaje. Marekani, ambako silaha za raia ni nyingi, sheria za kuingia na silaha mahakamani hata hivyo ni kali: mahakama za serikali kuu, ukikamatwa nayo ndani unaweza kufungwa hadi miaka 2. Jimbo la Washington limeandika jambo nililolipenda. Serikali ya eneo lazima iweke kijisanduku cha kufunga kinachotosha bastola na mwenye silaha akabidhiwe ufunguo, au iteue ofisa wa kuzipokea, ndani ya jengo hilohilo. Na silaha ikipotea au kuharibika kwa uzembe, serikali hiyo ndiyo inayowajibika. Yangu ilirudi na mkwaruzo siku ya pili, nikauliza, nikaambiwa labda ulikuwepo. Sonara asijue mkwaruzo wa chuma chake!

Habari ya ufunguo nayo si ndogo. Tarehe 11 Machi 2005, huko Atlanta, mshtakiwa Brian Nichols alimpiga askari wa kike aliyekuwa akimsindikiza, akachukua funguo zake, akafungua kijisanduku ambamo askari yule alikuwa amehifadhi bastola yake. Akamuua Jaji Rowland Barnes akiwa kwenye kiti chake, na mwandishi wa kumbukumbu za mahakama, na askari mwingine nje ya jengo. Baadaye siku hiyo akamuua mtu wa nne. Tangu nisome hilo, ufunguo namba 7 siuning'inizi kidoleni. Unakaa mfuko wa ndani na kifungo kimefungwa.

Kutoka pia ni kazi, ingawa watu huona yamekwisha. Unarudishiwa vitu umechoka, una njaa, na mtu nyuma yako anataka kupita. Mimi nazihesabu risasi mbele ya askari, nasaini, na kama ilitolewa risasi siijazi pale. Inaingia kwenye mkoba ikiwa tupu, magazini mfuko mwingine. Mkoba siuachi garini hata dakika mbili. Gari ni kioo tu.

Siku ya nne niliiacha dukani, kwenye kasha lililofungwa kwa bolti sakafuni, mzigo wa mteja nikamwachia kaka yangu. Lango likalia hata hivyo. Ilikuwa bizimu ya mkanda. Yule mama wa miwani akanikumbuka, akanionyesha kwa kidevu kuelekea kachumbani.

“Leo sina,” nikamwambia.

“Kabisa?”

Nikainua shati kwa vidole viwili, nikajizungusha mzima. Akacheka kidogo, akanirudishia funguo zangu za duka.

“Basi pita, mzee. Ila ungepiga simu kwanza. Hakimu wenu yuko likizo, kesi imeahirishwa.”