Kitabu cha vitambaa

Alhamdulillahi, kitabu cha mtoto wa dada yangu kimekwisha! Kurasa zote ni vipande vya leso na kanzu kuukuu. Kuna jahazi ambalo tanga lake hufungwa kwa kifungo, kuna mlango wa Lamu wenye zipu, ukiufungua wamkuta paka. Ukurasa ninaoupenda zaidi ni wa punda: mkia wake ni nyuzi tatu za kusuka na kufumua, vidole vizoee kazi. Vifungo nimevishona kwa uzi maradufu kisha nikavivuta kwa nguvu, maana mtoto wa chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni. Dada zangu wa mitaa ya Lamu, Langoni na Mkomani, mabaki ya vitambaa ya kwa fundi msiyatupe, nileteeni. Naanza cha jirani, ataka samaki.